Jibu Nililotoa kwa Jina Lako

Dada yangu,

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Kwamba nilitibiwa kifua kwa kadi yako ya bima unajua, maana mama mkubwa, mama yako, ndiye aliyetuazima. Vibali vyetu vya ukaazi bado, na bima ya kujilipia ingemeza mshahara wote anaopata mama kwa kufua mashuka hotelini.

Nesi aliisoma kadi, akanitazama. "Miaka ishirini na mmoja? Mwenzangu, huko chuoni hawakulishi?" Nikacheka kwa woga. Akauliza, "Penisilini inakudhuru?" Nikajibu hapana, kwa sababu mimi hainidhuru. Alipokwisha kuandika kwenye kompyuta ndipo nikakumbuka jinsi dawa hiyo ilivyokuvimbisha koo ukashindwa kupumua. Nikanyamaza. Niliogopa tungefukuzwa nchini.

Tangu hapo, ukisema kwenye simu una mafua tu, sisomi wala silali. Hospitali yoyote itakayofungua faili lako italiona jibu langu.

Jana baada ya masomo nilirudi kwa yule nesi, nikamweleza yote. Alivua miwani. "Mdogo wangu, mna bahati dada yako hajaugua sana." Akalirekebisha faili mbele yangu, kisha akanipa fomu ya bima ya wenye kipato kidogo. Kumbe wanafunzi hawaulizwi kibali, na sisi hatukuwahi kuuliza.

Hata hivyo, ukiugua, watajie penisilini wewe mwenyewe.

Jioni nilimweleza mama. Tukaijaza fomu pamoja, akatia sahihi, na leo nimeipeleka kabla ya kengele ya kwanza.

Nisamehe.

Mdogo wako