Jina la Kanga Nililomtungia Zuhura

Jumatano, Agosti 1984

Nami najiita fundi wa maneno. Mwenye duka la kanga hapa Malindi aliponiomba jina jipya, nilimlenga shoga yangu Zuhura. Tangu jina lake lisomwe redioni kwenye salamu, hajui tena kusalimia jirani. Nikaandika: "Sifa ni moshi, haziivishi wali."

Leo Zuhura kaja kwangu amejifunga kanga hiyo hiyo, na doti nyingine kaniletea zawadi.

"Wallahi, shoga, nilipolisoma jina hili nikakukumbuka wewe."

Nikamshukuru. Ningemwambia mtunzi ni mimi, lakini huko si ndiko kujisifu?

Kesho tunakwenda harusini Takaungu, tumevaa sare. Kila mmoja atatembea kwa raha, akijua anayesemwa ni mwenzake.