Mistari Aliyonisuka Mama

Jumapili jioni, Julai. Izia.

Baridi ya leo inang'ata masikio, na upepo haujatulia tangu asubuhi. Nimejikunyata karibu na jiko la mkaa, kichwa kinauma kwa msuko mpya. Moyo nao hauko sawa.

Wanaonisoma hapa wananijua kwa nywele. Mmekuwa mkiuliza mbona nimenyamaza, mbona siweki tena picha. Mama amefariki. Tulimzika kwetu Pito mwezi wa tano, na tangu hapo sijaweza kuandika habari za mafuta na chanuo.

Mama hakuzipenda nywele zangu. Nilipomaliza kidato cha nne, zawadi yake ilikuwa kopo la dawa, ili kipilipili kilainike nifanane na wasichana wa watu. Miaka baadaye nilipozikata zile za dawa zote nianze upya na za kwangu, alisema nimerudi kuwa mwanafunzi na hakuna mwanaume atakayenitazama. Tuligombana sana.

Halafu siku moja alichoka kuniona na kichwa timtim, akanivuta nikae chini katikati ya magoti yake, akanisuka. Toka siku hiyo kila nilipokwenda Pito alinisuka. Alisonya, akalalamika kwamba navunja vitana vyake, lakini alisuka. Nadhani ndivyo alivyoniomba radhi, na mimi nilimsamehe hivyo hivyo, nikiwa nimempa kisogo.

Mara ya mwisho alikuwa anaumwa tayari. Alinisuka mistari ya kurudi nyuma, twende kilioni ya kawaida tu, akipumzika kila amalizapo mstari. Ilitoka imepinda kama njia ya ng'ombe. Nikamwambia imependeza.

Siku ya kumaliza msiba, wanawake wa familia walinyolewa.

Mimi nilikataa.

Maneno yalisemwa, kwamba napenda nywele kuliko aliyenizaa. Ningesemaje kwamba kichwani nimebeba kazi yake ya mwisho, na wembe ungeiondoa? Nikafunga kilemba, nikarudi mjini dukani kwetu kuuza mbegu na mbolea, na sikukifungua mbele ya mtu.

Mimi huyu huyu ninayewaonya wenzangu wasikae na msuko mpaka nywele zikafa. Ngozi iliwasha, nywele zikashikana kwenye mashina, za mbele zikaanza kunyofoka. Nilikuwa naona. Kinyozi hajinyoi.

Leo mama mdogo, aliyemfuata marehemu kuzaliwa, amekuja kutoka Mollo. Baada ya shikamoo na chai alinivua kilemba bila kuniuliza. Nilijua atanisema. Badala yake aliipapasa mistari kwa kidole, mmoja mmoja, akasimama kwenye ule uliopinda zaidi.

"Huu mkono wa dada," akasema.

Nililia kama mtoto, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa zikikatika zote, mwanangu, utabaki na nini? Lete maji ya moto."

Alifumua yeye, maana mimi nisingeweza. Kila mstari ulipoachia nilitaka kumshika mkono asiendelee, lakini nikajikaza. Zilizong'oka zilikuwa nyingi kuliko nilivyoogopa. Akaniosha, akanipaka mafuta, akanichana taratibu kuanzia nchani, kisha akanisuka upya.

Mama mdogo anajua kusuka kuliko mama alivyowahi kujua. Mistari yake imenyooka yote. Ngozi haiwashi tena, na nywele zilizobaki zitapona. Nimejitazama kwenye kioo mara nyingi tangu aondoke, na kichwa ni kizuri kweli. Hakuna tena mahali mama aliposhika.

Kesho nitaingia dukani bila kilemba. Watasema nimependeza, na mimi nitasema asante.