Milimita Tatu za Turbo

Jumatatu, 12 Januari 2026

Wiki ya pili kwenye gereji, Granville, hapa Sydney. Treni kutoka nyumbani Minto, sijasema neno na mtu njia nzima. Grupu la darasa letu limenyamaza tangu Krismasi. Au walifungua jingine bila mimi.

Cheryl, mwenye gereji, ni wa umri wa bibi yangu na anataka nimwite Cheryl tu. Siwezi! Kwa hiyo simwiti kitu. Nasubiri aniangalie, ndipo nasema.

Hawezi kusoma namba ndogo bila miwani, na miwani anaichukia. Namshikia mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu: kusoma, kupima, kuandika.

Jumatano, 14 Januari

Gari ni la marehemu kaka yake. Lilikimbia mashindanoni mwaka 1988. Mwisho wa mwezi linarudi, kwenye mbio za magari ya kale — lakini lazima liwe vilevile lilivyokuwa mwaka ule. Kila kitu kimo kwenye fomu ya homologesheni, karatasi rasmi ya jinsi gari lilivyoundwa: picha, vipimo, mpaka turbo, ile feni inayosukumia injini hewa. Injini ni ya lita mbili. Kwa sababu ya turbo, sheria inazidisha kwa 1.7, kwa hiyo inahesabiwa lita 3.4. Lita 1.4 za ziada, za hewa tu! Nimeipenda hesabu hii. Sina wa kumwambia.

Leo nilipima turbo kwenye ukingo wa nje. Cheryl akacheka: Simmy, umepima mlango, mimi nataka koo! Yaani pale feni inapoanza. Nikacheka na mimi. Siku nzuri.

Alhamisi, 22 Januari

Fomu: milimita 56. Mimi: 59.

Nimerudia mara nne. Kooni, si mlangoni. Nilitamani niwe nimekosea tena. Koo kubwa linameza hewa zaidi, gari linapata nguvu ambayo wenzake hawana. Labda kaka yake aliibadilisha miaka ya baadaye.

Nimemwambia. Akafuta mikono muda mrefu. Akasema kaka yake hakuwa mdanganyifu, na turbo kama ile ya zamani ameitafuta nchi nzima, hakuna. Akaniambia niandike namba iliyo kwenye fomu.

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 25 Januari

Baada ya ibada Mama Concilie wa kanisani kwetu aliuliza siku hizi nafanya nini. Nikasema magari. Akamgeukia mama yangu: wewe, huyu mtoto wako hasemi na watu, atasema na injini? Wakacheka wote. Mama pia.

Wiki nzima mtu mmoja tu ameniuliza kama nimekula.

Nikiandika 59, gari halikimbii. Nikiandika 56, ni uongo, na aliyepima ni mimi.

Ijumaa, 30 Januari

Nimejaza karatasi ya vipimo. Chini kabisa: jina la aliyepima. Nsimire Balthazar. Si Simmy.

Nimeandika 59. Ile tisa ikawa kama nne. Nikaikata, nikaiandika upya.

Cheryl amesaini bila kusoma. Akasema: bila wewe ningefanyaje, mwanangu?

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilifagia sakafu.

Jumamosi, 31 Januari

Eastern Creek, kwenye uwanja wa mbio. Saa mbili asubuhi na joto tayari. Foleni ya ukaguzi, gari moja mbele yetu. Nimekaa juu ya tairi, naandika ili nisionekane sina la kufanya.

Cheryl amevaa jaketi la kaka yake, mikono ya jaketi imefunika vidole vyake. Kila anayepita anamsimulia habari za kaka yake. Sijawahi kumwona na furaha hivi.

Nilijaribu kumwambia. Nilisema "Cheryl". Mara ya kwanza! Injini ya jirani ikawaka papo hapo. Hakusikia.

Zamu yetu. Mkaguzi amefungua faili. Anafunua kurasa — anaishia kwenye mmoja. Anamwonyesha Cheryl namba moja kwa kidole. Cheryl anaisogeza karatasi mbali, anaileta karibu. Anapapasa mifuko ya jaketi, wa kulia, wa kushoto.

Anageuka. Anacheka bado. Simmy, miwani yangu unayo wewe?

Ninayo. Imo mfukoni mwangu tangu asubuhi.