Nafasi Moja Ofisi ya Mipango Miji

Jumatatu, 5 Julai 1993
Baridi. Nimechora nikiwa na sweta mbili. Karatasi zimekwisha, tunachora nyuma ya ramani za zamani. Deo upande wake wa meza, mimi wangu, kama miaka yote. Saa nne Mkuu wa Idara akatuita. Serikali inapunguza wafanyakazi. Rukwa nzima itabaki na afisa mipango miji mmoja. "Kaeni mzungumze wenyewe, si mnaelewana?" Anaogopa kuchagua, ametutupia sisi.

Tukarudi mezani, kila mtu akashika penseli yake.

Alhamisi, 8 Julai
Deo anachonga penseli iliyokwisha kuchongoka. Ofisi nzima imeshaamua: yeye ana watoto wanne, mimi nitaolewa. Nitaolewa na nani? Hawasemi. Nimechukia mpaka chai imenishinda.

Kwingine hakuna kitu. Mbeya wamesimamisha ajira. Kigoma hawajibu. Hapa Sumbawanga wanunuzi wa mahindi wanajenga maghala popote wanapotaka, hawana haja na mchoraji. Sisi siku hizi ni kama fundi cherehani kwenye mji wa mitumba.

Jumapili, 11 Julai
Baada ya misa amekuja Mama Kalista, mke wa Deo. Akapiga magoti mlangoni na kupiga makofi taratibu, kwa desturi ya Kifipa kabisa, kama anasalimia mkubwa wake. Mimi mdogo kwake! "Inuka, dada, utaniletea laana." Hakuinuka upesi. Ameleta kapu la unga wa ulezi. Tukaongea mavuno, tukaongea mafua ya Kalista. Kuhusu kazi hakutamka neno.

Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 12 Julai
Nimemwambia Mkuu kwamba kazi naitaka. Niliwahi, Deo hajafika. Nikasema michoro yangu ni safi kuliko yake. Ni kweli, na Deo anajua. Mkuu akashusha pumzi, akanishukuru. Alifurahi kutuliwa mzigo.

Sijuti.

Ijumaa, 23 Julai
Deo amehama. Wanakwenda kijijini Kate, kwenye shamba la baba yake. Alipita ofisini kuniaga, akaniachia rula yake ndefu. "Huko mimi nitachora matuta." Akacheka, nami nikajitia kucheka. Lori lilikuwa linamsubiri barabarani. Mama Kalista juu ya magunia, amempakata mtoto. Akanipungia mkono kama vile sijamfanya kitu.

Nimelia chooni. Nikanawa, nikarudi mezani. Hapakuwa na kazi ya kufanya.

Jumatano, 4 Agosti
Kazi ya kwanza tangu nibaki peke yangu. Ofisi inakodisha vyumba ili ipate chochote. Mnunuzi mmoja wa mahindi anataka ghala. Nimeagizwa kuchora: ukuta upi uvunjwe, mlango wa kuingizia magunia ukae wapi. Chumba chenyewe ni hiki chetu.

Nimepima, nikarudia. Nimetumia rula ya Deo. Mchoro umetoka safi sana, sijachora vizuri hivi mwaka huu. Meza haikupata mahali. Nikamuuliza Mkuu mimi nitakaa wapi. "Tutaangalia," akasema, akatia sahihi.

Jioni upepo mkali. Nimepika uji kwa unga wa Mama Kalista, wa mwisho kapuni. Mtamu. Nimekunywa wote.