Kumi na Tano Kila Upande

Kasongo, Jumamosi. Mvua ilikatika asubuhi na jua likatoka kali, uwanja wote ukafuka mvuke. Naandika haraka kabla sijasahau. Mwandiko huu mbaya nausamehe mwenyewe.

Dada yangu Zaina alishikwa na uchungu tangu jana, na mtoto hakutaka kutoka. Muuguzi wa dispanseri hayupo, amefuatana na daktari mzungu kwenda Lusangi kupima watu ugonjwa wa malale. Bibi Mwavita, mkunga wetu, alifanya yote anayoyajua. Leo mchana akaacha kumtia moyo.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Basi baba akamwita Mwalimu Ramazani, anayefundisha watoto Kurani, aje kumwandikia Zaina kombe, dawa ya maandishi. Nyumba yetu ndivyo ilivyo. Zaina alilelewa na nyanya yetu Mwislamu. Mimi nilipelekwa kwa masista nikabatizwa, na nimeolewa na katekista. Mume wangu akisikia neno kombe hukunja uso kama aliyemeza kwinini. Kwa bahati nzuri, leo yuko safarini Kabambare.

Mwalimu alichovya kalamu kwenye zaafarani, akachora juu ya sahani nyeupe nyumba ya mraba yenye vyumba tisa, vitatu kwa vitatu, kila chumba na namba yake. Hakuandika kwa mfuatano. Moja aliiweka chini katikati, mbili akairukisha juu pembeni, tatu akairudisha upande wa pili. Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Akanipa sahani niioshe, Zaina anywe yale maji.

Namba za Kiarabu nazijua, baba alinifundisha nikiwa mdogo. Nilipofika kwenye mtungi macho yakasoma yenyewe. Nne, tisa, mbili: kumi na tano. Tatu, tano, saba: kumi na tano. Nane, moja, sita: tena kumi na tano. Nikashuka kutoka juu hadi chini, ni ile ile. Nikakata toka pembe hadi pembe, ni ile ile. Nilisahau kuchota maji.

“Weye! Dada yako iko nakufa, na weye unasoma sahani?” Bibi Mwavita alinipigia kelele kutoka mlangoni.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuona. Nikamimina maji haraka, namba zote zikayeyuka zikawa maji ya manjano, wakampelekea Zaina akanywa.

Mimi sijazaa bado, kwa hiyo chumbani siruhusiwi. Nilikaa barazani, nikaokota kijiti, nikachora vile vyumba tisa kwenye udongo. Kusali nilishindwa. Nilitaka kuiharibu ile hesabu, nijue kama ni ujanja wa wazee tu. Nikaweka sita katikati; ikakataa. Nikaweka nne, ikakataa. Haikubali ila tano. Ndipo nikaona kwamba moja inatazamana na tisa, mbili na nane, tatu na saba, nne na sita. Kila jozi ni kumi, na tano imekaa katikati inazipokea zote.

Hakuna mtu aliyezilazimisha. Zilikuwa hivyo kabla ya misioni, kabla ya msikiti, kabla hajazaliwa mtu wa kuzihesabu.

Nilikuwa bado nimeinama pale niliposikia kilio. Kidogo, chenye hasira, cha mtoto mchanga. Halafu nikasikia sauti ya Zaina anaomba uji, nikalia kama mtoto.

Baba anasema ni kombe. Mama, aliyeshinda jikoni na rozari yake, anasema ni Bikira Maria. Bibi Mwavita anawacheka wote wawili: “Mutoto alikaa vibaya, na mimi ndiye niligeuza.” Mimi sijui. Sidhani namba zinaweza kumgeuza mtoto tumboni. Lakini leo nimesimama karibu na kitu kikubwa kuliko mimi, nami siwezi kujifanya sikukiona.

Jioni waliniruhusu kuingia. Zaina alikuwa amelala na binti yake kifuani, amechoka, midomo imekauka. Akaniuliza nilikuwa nasoma nini pale mtungini. Nikamweleza taratibu, nikimwonyesha kwa kidole juu ya shuka, safu moja baada ya nyingine. Hakwenda shule, lakini alifuata yote.

“Mudogo yangu,” akasema, “ungeniambia mbele ya kunywa, ningekunywa polepole, namba moja moja.”

Nilicheka huku machozi yakinitoka. Leo nilikuwa karibu kumpoteza, na yuko hapa, ananitania.