Bunda Mbili

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Hatimaye nimempata mtu wa kututembeza! Anaitwa Mwakio, Mtaita wa Voi. Kule kwao alikuwa anawapeleka wageni kwenye ngome za vita vya kwanza vya dunia. Siku hizi yuko hapa Garissa, ana gari lake, anafika mpaka Wajir – mahandaki ya vita vya pili, wakati wa Waitaliano, na sehemu za wakati wa Daba, watu wetu Wasomali walipofungiwa kambini miaka ya sitini. Nilimuuliza kwenye simu kama Daba anaijua. Akajibu kwa sauti ya redio kwamba vita vya shifta ndiyo spesheli yake.

Shifta. Yaani jambazi. Neno hilo hunikwaruza hata likisemwa na mtu mwema. Hata hivyo nilipanga naye siku ya safari, kwa ajili ya hooyo, mama yangu.

Hooyo hajawahi kuona mahali baba yake alipouawa. Alikuwa mtoto wa kunyonya. Kila likizo tunasema tutaenda, inshallah, na kila likizo linazuka jambo. Sasa magoti yake yameanza kukataa ngazi. Basi ni mwaka huu. Leo amepaka hina kama anayekwenda harusini, na nilipomtania akanifukuza jikoni.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Wajir. Joto la kuchoma sikio.

Mahandaki tuliyaona asubuhi. Kazi Mwakio anaijua, siwezi kumnyima hilo. Hooyo anafunguliwa mlango, anabebewa kiti cha plastiki kila tunaposhuka. Ameniambia kwa Kisomali kwamba kijana ana adabu.

Mchana nikamwambia atupeleke sehemu yoyote ya Daba upande wa Tarbaj. Sikumwambia sisi ni nani – nilitaka kwanza nimsikie. Heri ningemwambia. Tukaiacha barabara kubwa, tukafika kwenye rundo la mawe chini ya mgunga. Mwakio akasimama, mikono nyuma, akaanza: hapa ndipo alipoangushwa Warfa Gelle, shifta aliyeogopwa kuliko wote, akiwa na bunda mbili za risasi kiunoni.

Warfa Gelle! Awoowe wangu, baba yake hooyo, mtu aliyekuwa akichota maji!

Hooyo Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini shifta na risasi haviombi mkalimani. Aliketi taratibu. Akaniuliza huyu anazungumzia mtu gani.

Nilimweleza Mwakio kwamba mama aliyeketi pale ni binti wa huyo shifta wake. Akababaika, akaomba radhi, akasema hakuitunga, ameambiwa mwaka jana na mama mmoja wa Tarbaj na amemrekodi. Akanipa simu yake nisikilize. Sauti ya Habaryar Osob, dada mkubwa wa hooyo! Alikuwepo siku ile, alikuwa na miaka saba. Anasema: "Baba alikuwa na bunda mbili. Askari akabiga baba, akabiga na bunda."

Nilicheka, kicheko kibaya. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kila muhula nashinda na watoto, sema papa, wananijibu baba. P hatuna. Pilau kwetu ni bilau, polisi ni bolisi. Na punda ni bunda! Mtu alikuwa na punda wawili wa kubeba maji, huyu bwana akasikia mabunda, akamjazia risasi mwenyewe. Kwa nini hakuuliza bunda za nini? Kwa sababu Msomali wa Daba, kwake, atakuwa amebeba nini kingine?

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Tumelala Tarbaj kwa Habaryar Osob. Amekasirika kuliko mimi. Alimwambia mtu wa gari waziwazi, bunda, na akamwonyesha zizi!

Ametusimulia upya. Kambi ilikuwa imefungwa, maji yamekwisha, na hooyo analia kwa kiu kwa sababu ziwa la mama yao limekauka. Baba yao akachukua punda wake wawili, akaenda kisimani bila ruhusa. Alipigwa risasi akirudi. Maji yote yakamwagika. Osob anasema yeye alianza kuwalilia punda, kwa sababu ndio aliokuwa akiwalisha, ndipo akamlilia baba. Hooyo alisikiliza akiwa ameshika mguu wa dada yake.

Nilimpigia Mwakio, nikamweleza. Akasema pole sana mwalimu, lakini kibao cha kusimamisha pale kwenye mawe kimeshachorwa, na Jumamosi ana kundi la wageni. Kisha, kwa upole, kama ananifundisha kazi: nani atafunga safari kutoka Nairobi aje kuona punda?

Nikampigia kaka yangu Hanad, yuko dukani Eastleigh, angalau aniunge mkono. "Abaayo, dada yangu, hiyo stori ni kali, achana nayo. Awoowe shujaa, wewe unataka awe mtu wa punda?" Nilimkatia simu. Mjinga! Maisha yake yote anasimamishwa kwenye vizuizi, shuka, toa kitambulisho, kwa sababu ya neno hilohilo, shifta, na leo anataka liandikwe juu ya kaburi la babu yetu.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Nilimwambia hooyo turudi nyumbani, nitaandika malalamiko kaunti. Akasema nikaandike, yeye kesho anakwenda kwa baba yake. Bado nina hasira.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Naandika nimeegemea gari.

Tulifika kabla yao. Hooyo akaketi karibu kabisa na mawe. Kundi likaja – watu wazima, kofia, chupa za maji. Mwakio alituona, akasita, kisha akaendelea kukichimbia kibao chake. SHUJAA WA RISASI. Akaanza maneno yaleyale. Nikapiga hatua. Hooyo akanivuta nguo.

"Ukisema wewe watasema mwalimu amesema. Mimi ndiye mtoto wake."

Akasimama, akawaambia: "Si risasi. Bunda. Bunda mbili." Mwanamke mmoja akauliza kwa heshima, bunda mbili za nini, mama? "Bunda!" Akabana midomo, akajaribu tena, jasho linamtoka. Bu. Bu. Mwakio akatazama chini. Alijua! Neno moja tu angemsaidia nalo, na hakulisema.

Hooyo wangu haongei kwa sauti mbele ya wanaume. Hata redio huizima mgeni akiingia. Aliinua mikono miwili kando ya kichwa, ikasimama kama masikio marefu, akafumba macho, akalia. Mlio wa punda, mrefu, wa kukatikakatika, mpaka pumzi ikamwishia. Hakuna aliyecheka. Yule mwanamke aliziba mdomo kwa kiganja. Kibao kilikuwa bado mkononi mwa Mwakio, hakijasimama wala hakijaanguka.

Nilidhani amemaliza, nikamwendea nimshike. Akanizuia kwa kiwiko, akavuta pumzi, akalia tena, kwa sababu walikuwa wawili.