Programu Inakuja na Mashine

Shoga, uko wapi? Shika simu. Nimetoka kuaibika dukani.

Si unaikumbuka ile mashine ya kudarizi aliyoniachia shangazi? Inashona vizuri tu, ila programu ya kuchorea nembo ilikufa pamoja na kompyuta yake. Na mimi nimeshapokea kazi ya nembo za sare, shule nzima! Nikaenda kwa wale wauza mashine, nikaomba programu peke yake.

Muuzaji akasema, "Dada, hiyo haiuzwi. Ni bure, inakuja na mashine."

Bure! Na mashine yenyewe bei ya kiwanja!

Nikamwambia, "Basi nipe hiyo ya bure, mashine baki nayo." Duka zima likacheka. Yeye hakucheka.

Hapo ningenyamaza. Mimi tena? Nikaona jina la duka limedariziwa kwenye shati lake, herufi zimelaliana kama abiria waliosinzia. Nikauliza kwa sauti, "Na hii kashona nani, mbona imepinda hivi?"

Akazifunika herufi kwa kiganja.

Shoga, ni YEYE. Kashona mwenyewe, kwa mashine hiyo hiyo, kwa programu hiyo hiyo!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu akanivuta pembeni, akaninong'oneza, "Kwani wewe unaweza kuzinyoosha?"

Nikamwambia naweza, hata leo, anipe tu programu nikafanyie nyumbani.

Akashusha pumzi, akajitazama kifuani.

"Dada," akasema, "inakuja na mashine."